Kwelea Wanamaliza Mtama, Mume Wangu Anawahesabu

Shikamoo Mjomba,

Nakusoma siku zote ila sijawahi kukuandikia. Mimi ni mama wa makamo, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, watoto wameshaondoka nyumbani. Mume wangu ni mtumishi wa umma, yupo masijala, na mwakani anatimiza miaka 60, kwa hiyo anastaafu kwa lazima. Si mlevi, hana nyumba ndogo, mshahara anauleta. Nikimweleza mtu shida yangu anacheka, ananiambia, "Mwenzetu umeshiba ndoa."

Shida ni stempu na ndege.

Stempu zipo kwenye masanduku ya bati chini ya kitanda, nyingine kwenye albamu juu ya kabati, nyingine bado zimeganda kwenye bahasha zake. Akirudi kazini anafunga dirisha kwanza, si unaujua upepo wa Dodoma, halafu anatandaza makaratasi kwenye meza ya chakula, anatoa kibano na lenzi. Ukipita karibu anakwambia usipumue. Chakula siku hizi tunakula mkekani. Na beseni langu la vyombo ndilo analolowekea bahasha ili stempu zibanduke.

Ndege ni alfajiri kabla ya kazi, na Jumamosi yote. Bwawa la Hombolo analijua kuliko wanaoishi Hombolo. Kwenye sendoff ya mtoto wa dada yangu alikuja na darubini shingoni. Jirani mmoja alimshtaki kwa mwenyekiti wa mtaa kwamba anachungulia bafu lake, kumbe mzee anatazama viota kwenye mgunga uliopo nyuma ya hilo bafu. Kuomba radhi nilikwenda mimi.

Tuna shamba la mtama Bahi. Msimu uliopita kwelea walituingilia mtama ukiwa umeanza kukomaa. Mimi na watoto wa shemeji tunakimbia na madebe, tunapiga kelele mpaka sauti zinakauka. Yeye nilimkuta amekaa juu ya kichuguu, daftari magotini. Nikamuuliza, "Baba Watoto, unaandika nini?" Akanijibu bila hata kugeuka kwamba anakadiria idadi yao.

Hayo yote nimeyameza. Yaliyonifanya niandike ni haya. Kuna mtu wamefahamiana naye kwenye kundi la WhatsApp la wakusanyaji stempu. Anamuuzia stempu ya Uganda ya mwaka 1895, eti imepigwa kwa taipu, kwa shilingi milioni nne: mbili atoe sasa, mbili atoe akipata kiinua mgongo. Ameshaanza kuulizia mkopo wa hizo mbili za kwanza. Akishastaafu anataka pia aende milima ya Rubeho kumtafuta kwale fulani ambaye sijui hata kama yupo.

La pili, bahasha nyingi zilitoka ofisini kwake. Kijana mmoja wanayefanya naye kazi alinitania, "Mama, siku mzee akikabidhi masijala, na yale masanduku ya chumbani ayakabidhi." Alicheka. Mimi sikucheka.

La tatu, bundi amehamia kwenye mwarobaini wetu. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, anataka mti ukatwe kwa sababu bundi anaita msiba. Mume wangu ameapa haukatwi. Sasa hivi mama na mwanawe wanasalimiana kupitia kwangu.

Mjomba, huyu mtu ni mzima? Na hizo milioni nne nizizuie vipi?

Mke wa Masijala, Nkuhungu

MJOMBA ANAJIBU

Marahaba, mpwa wangu. Mumeo ni mzima kabisa. Mimi kabla ya kustaafu nilikaa kaunta ya posta, na watu wa aina yake walikuwa wateja wangu. Walikuwa wanafika asubuhi ya siku stempu mpya zinapotoka, wanaomba zenye kingo safi, na wananisihi nigonge muhuri taratibu usije ukachafua picha. Sikumbuki hata mmoja aliyeniletea fujo. Lakini wengi wao niliona wakilizwa na wauzaji, kwa hiyo nianze na hizo milioni nne, maana hizo haziwezi kusubiri.

Stempu anayoambiwa ipo kweli, na hapo ndipo ubaya ulipo. Mwaka 1895 Uganda haikuwa na stempu za kuchapishwa. Mmisionari mmoja wa Kianglikana pale Mengo, Ernest Millar, alizipiga moja moja kwa mashine yake ya taipu, na thamani yake ikaandikwa kwa kauri, vile vikombe vidogo vya baharini, maana kauri ndizo zilizokuwa hela ya sokoni. Kila mkusanyaji wa Afrika Mashariki anaziota. Sasa fikiria wewe mwenyewe: kitu kisicho na picha, kisicho na rangi, ni herufi na tarakimu za taipu kwenye kikaratasi chepesi. Mwenye mashine kuukuu na karatasi kuukuu anazitoa za kwake jioni moja, na watu wamezighushi tangu zamani. Ndiyo maana wanaojua biashara hii hawanunui stempu ile kwa macho. Wananunua kwa cheti. Zipo kamati za wataalamu zinazopima stempu na kutoa vyeti vyenye picha na namba. Mojawapo ni ya Royal Philatelic Society ya London, chama kilichoanzishwa mwaka 1869.

Kwa hiyo usimwambie mumeo, "Umetapeliwa." Hatakusikia, na atajifungia na simu yake. Mwambie amuulize huyo mtu maswali mawili tu. Cheti kipo, cha kamati gani na namba ngapi? Kama hakipo, yupo tayari kuituma ikapimwe kwanza ndipo alipwe? Muuzaji wa kweli atajibu vizuri hata kama atanung'unikia gharama. Yule mwingine ataanza kusema kuna mteja wa Nairobi anaingia kesho na fedha taslimu.

Halafu hii ya "nusu ukipata kiinua mgongo" haikunipendeza hata kidogo. Mtu wa stempu anajuaje mumeo anastaafu lini? Aliambiwa, au aliuliza. Anayekaribia kustaafu ananukia fedha, na wanaonusa ni wengi: wa viwanja visivyo na hati, wa kuku wa kisasa, wa mitambo ya kukamua alizeti, na sasa naona wamefika na wa stempu. Kuhusu mkopo, hapo usilegeze. Kuingia kwenye kustaafu na deni la stempu ni jambo ambalo hata mimi mpenda stempu nalikataa. Na nitasema hili ingawa mumeo hatalipenda: hata ikiwa halisi, asiinunue. Siku ukipata mgonjwa usiku, stempu ya kauri huwezi kuiuza Dodoma. Inabidi iende kwenye mnada ughaibuni, ikasubiri, ikakatwa kamisheni.

Turudi kwenye hayo masanduku ya bati. Ukweli ni kwamba stempu nyingi zilizomo humo hazina bei ya kuwasumbua nyinyi. Zilichapwa kwa wingi. Miaka ya 1990 nchi yetu ilitoa stempu zenye picha za mambo ya nje chungu nzima, zilizolenga wakusanyaji zaidi kuliko barua. Nzuri kuangalia, basi. Watu wanadhani kuukuu ni mali; si kila kuukuu.

Ila nimeshtuka uliposema beseni. Mpwa wangu, hilo beseni lifiche leo hii, na sababu si vyombo. Bahasha ya zamani hailowekwi kwenye maji! Ikiwa nzima, na muhuri wa posta unasomeka, mara nyingi ule muhuri ndio wenye thamani kuliko stempu yenyewe, kwa sababu unasema barua iligongwa wapi na lini. Na hapo Kanda ya Kati ina historia ambayo watu wa Dar hawana. Mwaka 1893 Wajerumani walitoa stempu zao za humu nchini, zimegongwa juu yake thamani kwa pesa, sarafu ndogo ya wakati ule. Mwaka 1901 zikaja zenye picha ya meli ya Kaizari, mfalme wao, na mwaka 1905 hesabu ikahama kwenda heller, senti yao. Walikuwa na ofisi za posta Mpwapwa, wao wakiandika Mpapua, na Kilimatinde, na Kondoa-Irangi, na Dodoma ilipofikiwa na reli. Vita Kuu ya Kwanza ikaja, Waingereza wakagonga herufi G.E.A., yaani German East Africa, juu ya stempu za Afrika Mashariki (Kenya ya leo) na Uganda wakazitumia huku, mpaka mwaka 1922 ikatoka ile ya kichwa cha twiga yenye jina Tanganyika. Baadaye tukaungana na Kenya na Uganda kwenye stempu moja, na hilo likadumu hata baada ya uhuru.

Mumeo amefanya kazi ya masijala maisha yake yote. Kupanga karatasi kwa tarehe na mahali, nani atamfundisha? Basi mwambie aache kukimbiza Uganda, akusanye mihuri ya posta za Kanda ya Kati: Manyoni, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, vituo vya reli, mpaka hiyo Dodoma mpya ya Mtumba. Bahasha za namna hiyo, hasa za baada ya vita, hazimalizi mtu mfuko, na nyingi zimekaa kwenye masanduku ya wazee na ya misheni bila mwenyewe kujua. Asitumie gundi wala selotepu, na asipeleke kitu chochote kupakwa plastiki. Ukavu wa Dodoma ni rafiki wa karatasi kuliko Tanga au Unguja, ila mchwa hawana urafiki na mtu, kwa hiyo masanduku yatoke sakafuni, yainuliwe juu ya matofali.

Sasa bahasha za ofisini. Yule kijana ametania, ila mimi nachukulia kama ameonya. Bahasha iliyokuwa inakwenda jalalani, mkuu akasema chukua, hiyo sina neno nayo. Bahasha iliyokuwa ndani ya jalada, yenye namba ya folio, ile namba ya karatasi ndani ya jalada, hiyo ni sehemu ya kumbukumbu, na nchi ina Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya mwaka 2002. Mumeo anaijua kuliko mimi. Apitie masanduku yake mwenyewe kabla ya makabidhiano, bahasha kwa bahasha. Yenye alama ya jalada irudi, kimya kimya, mahali pake. Kwa zilizobaki amwandikie mkuu wake barua fupi ya kuomba ridhaa ya kubaki na bahasha zilizotupwa, ajibiwe kwa maandishi, na nakala aiweke sandukuni juu kabisa. Afanye hivyo akiwa bado ana ofisi na heshima yake. Kuomba ridhaa ukiwa umeshastaafu, mbele ya bosi mgeni asiyekujua, ni kazi nyingine.

Ndege, basi.

Kwenye mtama una haki yote, na hapa namlaumu mumeo bila kumung'unya. Kwelea mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la milioni moja, ambalo kwa kwelea si kundi la ajabu, ni tani 10 kila siku. Wewe na madebe yako hamuwezi. Kinachoweza kusaidia ni kujua wanalala wapi, kwa sababu jioni wanarudi kwa maelfu kwenye malalo yale yale, kwenye matete au vichaka vya miiba, na ndege ya kunyunyizia dawa inapigia hapo hapo wakiwa wametua kulala. Taarifa inaanzia kwa afisa ugani wa kata, inakwenda halmashauri, inafika Wizara ya Kilimo. Na afisa ugani anachokihitaji ni nini? Mahali, tarehe, idadi ya kukadiria, na uelekeo wanaoshika jioni. Yote hayo yalikuwa kwenye daftari la mzee juu ya kichuguu! Alikuwa na taarifa ambayo kijiji kizima kiliihitaji, akaikalia. Msimu ujao hesabu zake ziende kwa afisa ugani siku hiyo hiyo, kwa barua kama ameipenda sana masijala, au kwa simu. Ana faida nyingine pia: anaweza kuwatofautisha kwelea na mnana na shomoro wasio na madhara makubwa, jambo ambalo wengi wetu hatuwezi. Ile dawa ni sumu kali. Inaua na kozi na bundi wanaookota mizoga. Kwa hiyo malalo yakitajwa vibaya, wanakufa wasiohusika na kwelea wanabaki. Na watoto wa shemeji wasiokote kwelea waliopuliziwa wakaja kukaanga. Kondoa watu wanawatega wenyewe na kuwala, sawa, hao hawajapuliziwa.

Kuhusu darubini: jirani yako alikosea, ila msimlaumu sana. Mumeo awe anaaga. "Mama, natazama ndege kwenye huo mgunga," maneno hayo tu asubuhi yangemwokoa kwa mwenyekiti. Na kuna jambo kubwa kuliko bafu. Dodoma ya sasa ina kambi, makazi ya viongozi na ofisi za serikali kila upande. Kitambulisho chake kisitoke mfukoni, na asiinue darubini karibu na kambi za jeshi au Ikulu ya Chamwino, hata akipita ndege wa peponi. Huko hakuna wa kuombwa radhi na wewe.

Safari ya Rubeho mruhusu. Huyo kwale yupo. Ndugu yake wa Udzungwa aligunduliwa na wataalamu mwaka 1991 baada ya kuona miguu isiyo ya kawaida ndani ya sufuria ya mchuzi kambini; wenyeji walikuwa wanamla siku zote. Mwaka 2003 akatangazwa na wa Rubeho, kwanza kama tawi la huyo wa Udzungwa. Milima yenyewe ipo upande wa Mpwapwa, na nauli ya Mpwapwa ukiilinganisha na milioni nne ni sadaka. Misitu ile ni ya hifadhi, kwa hiyo aulizie kibali wilayani kabla ya kufunga begi. Lakini asijidanganye, na wewe usimdanganye, kwamba atapata hela za watalii kwa hilo. Nchi ina aina zaidi ya 1,100 za ndege, na waongozaji vijana wenye magari ni wengi.

Mumeo si mtumishi wa kwanza kupatwa na haya. Mwingereza mmoja, Moreau, alikuwa mtu wa ukaguzi wa hesabu serikalini, akahamia kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, mwaka 1928 kufanya kazi za ofisi. Ndege alijifunza mwenyewe, na leo yupo ndege mdogo wa Usambara mwenye jina lake. Ila yeye na mke wake walikuwa wanatazama pamoja, na ndege mwingine wa milima ya Uluguru akampa jina la huyo mke, Winifred. Wewe miaka yote hiyo hujapewa hata shomoro. Mkumbushe.

Sikwambii ubebe darubini na wewe. Kama hupendi ndege, hupendi. Ninachokwambia ni kwamba mwakani atakuwa nyumbani kutwa, na mume mstaafu asiye na la kufanya atahamia jikoni kwako akuhesabie vitunguu. Msipigane juu ya stempu. Pigania meza: mafundi wa Majengo watamtengenezea meza yake mwenyewe yenye droo, iwekwe chumba walichokiacha watoto, na ya chakula irudi kuwa ya chakula. Hiyo fedha itoe hata kwa moyo mweupe.

Bundi sasa. Mama mkwe usimbishie kwa sayansi, ni mkubwa wako na ameamini hivyo tangu utotoni. Mwoneshe kitu. Chini ya mti anapokaa bundi hudondoka vibonge vya kijivu anavyovitapika, ukivipasua ni manyoya na mifupa. Mwanawe avipasue mbele yake, wahesabu wote mafuvu ya panya. Yule anayehifadhi mtama ndani ya nyumba ataelewa. Akikataa bado, huenda chumba chake ndicho kinachoelekea mwarobaini. Mbadilishieni chumba, mti ubaki. Ila habari ya kumbadilishia chumba aipeleke mwanawe kwa mdomo wake, wewe ukatae kubeba salamu.

Nijulishe huyo wa WhatsApp amejibu nini kuhusu cheti.

Mjomba